Tuwaenzi Wanawake wa Nyumba Zetu kwa Jina, kwa Haki na kwa Dua

 

Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya deni. Si deni la duka wala la upatu, bali ni deni ambalo takriban kila nyumba ya Kiislamu katika mwambao wetu, kuanzia Moa na Jasini hadi Pangani na Kipumbwi, inadaiwa na wanawake wake. Tunawakusudia mama zetu na bibi zetu, shangazi zetu na mama zetu wadogo, dada zetu waliobaki nyumbani wakati sisi tukipelekwa shule, na wale wanawake wasio na mtoto wa kuwazaa ambao walilea watoto wa wenzao mpaka wakawa watu.

Mwite kijana yeyote wa Ngamiani au wa Makorora umwombe akutajie nasaba yake. Atakutajia baba yake, babu yake, na baba wa babu yake. Na akiwa ametoka katika nyumba inayotunza nasaba atakwenda mbele zaidi bila kusita. Kisha mwambie akutajie mama wa mama yake, na mama wa huyo. Wengi watafika kwa bibi na kusimama hapo, na si ajabu hata bibi mwenyewe wakamtaja kwa jina la mtoto wake wa kwanza, au wakasema tu "Bi Mkubwa". Mwanamke aliyeishi miaka themanini, akazaa, akalea, akafundisha na akazika, anabaki katika kumbukumbu ya watu wake bila ya jina. Na lisilo na jina ni jepesi kusahaulika, na lililosahaulika ni jepesi kudhulumiwa. Mambo haya matatu yamefuatana, nasi tutayafuata kwa mpangilio huo.

Mafunzo ya Mtume wetu

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa kumtaja mwanamke wa nyumbani mbele za watu ni kumvunjia sitara. Desturi hiyo ina wema wake pale inapozuia upuuzi wa mabarazani, lakini tusiifanye kuwa dini. Sote tunawajua wanawake wa nyumba ya Mtume (s.a.w.) kwa majina yao na majina ya baba zao: Khadija binti Khuwaylid, Aisha binti Abi Bakr, Hafsa binti Umar, Fatima binti Muhammad. Amr bin al-As (r.a.) alipomuuliza Mtume ni nani ampendaye zaidi katika watu, hakuona haya kumjibu kuwa ni Aisha. Na alipoulizwa na mtu mwingine ni nani anayestahiki zaidi kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Hadithi hizi zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim, na hapana mtoto wa madrasa asiyepata kuisikia hii ya pili.

Lakini tuangalie jinsi alivyowaenzi wale waliokwisha kumtangulia. Khadija (r.a.) alipofariki, Mtume hakumfungia katika moyo wake peke yake. Alikuwa akichinja kondoo, huigawa nyama na kuwapelekea wanawake waliokuwa marafiki wa Khadija. Hakika hili ni jambo la kuzingatiwa. Marehemu hawezi tena kula nyama, lakini wapo watu ambao yeye akiwa hai angewapelekea, na mumewe akaendelea kuupitisha mkono ule ule katika milango ile ile.

Mama yake mzazi, Bi Amina, alimfia angali mtoto mdogo. Baada ya miaka mingi, akiwa Mtume na kiongozi wa umma, alilizuru kaburi lake akalia, hata waliokuwa pamoja naye wakalia. Na alikuwapo Ummu Ayman, mtumishi wa nyumba ya baba yake, aliyemlea baada ya mama huyo kufariki. Mtume alikuwa na ada ya kumtembelea. Alipoondoka duniani, Abu Bakr alimwambia Umar (r.a.) waende wakamzuru Ummu Ayman kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Hao ndio watu wawili waliobeba umma mzima mabegani, na wakapata nafasi ya kwenda kuketi na bibi kizee aliyelea mtoto wa wenyewe.

Tumalizie hapa kwa Asmaa binti Abi Bakr (r.a.). Usiku wa Hijra aliukata mshipi wake vipande viwili ili afungie chakula cha safari cha Mtume na cha baba yake, akapata kuitwa Mwenye Mishipi Miwili. Miaka mingi baadaye, maadui wa mwanawe, Abdullah bin Zubayr, walitaka kumfedhehesha kwa kumwita mwana wa mwenye mishipi miwili. Yeye hakuona fedheha. Alilipokea jina lile kwa fahari, kwa sababu alikuwa anajua kisa chake. Ewe mzazi, jiulize kama mwanao angetupiwa jina la bibi yake kwa kejeli, je, angekijua kisa cha kulijibia?

Waliotangulia katika mwambao wetu

Waswahili nao hawakuanza jana kuthamini maneno ya mama. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliyeolewa na Bwana Mataka mtawala wa Siu, aliugua maradhi aliyoona kuwa hatainuka nayo. Mnamo mwaka 1858 akamtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wasia. Yaliyomo ndani yake yanajulikana na wengi, na wapo wanaoyajadili hadi leo. Sisi tunataka kumwangalia yule binti. Mwana Hashima alikua, akazeeka, na bado mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwapo Lamu akikumbukwa kuwa ndiye aliyeachiwa wasia ule. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa majumbani, na mwaka 1934 ukachapishwa kitabu. Maneno ya mama mmoja kwa binti mmoja yamewafikia watu wasiohesabika, kwa kuwa kuna aliyeyatamka na kuna aliyeyatunza.

Hapa kwetu Tanga tunaye Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909 na kufariki mwaka 1962. Watu humsifu kwa lugha yake, nao wana haki. Lakini msomaji wa ukurasa wa familia na atazame ni wangapi kati ya wale aliowaandikia kwa mapenzi walikuwa wanawake. Mkewe Amina alipofariki alimwombolezea kwa shairi lililobeba jina lake hasa. Binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, kama alivyomtungia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hakumwona binti kuwa hastahiki wasia wa baba. Tena alikaa akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika unyonge, akauza vyungu katika ujana wake, asiye na ukoo wa kujivunia mbele ya mabwana wa Unguja wa zama zile. Siti alifariki mwaka 1950, na kama si kalamu ya mwana huyu wa Tanga mengi ya maisha yake yangekwenda naye.

Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, mtu wa mshahara na wa kazi za kila siku kama wengi wetu. Hakungoja apewe nafasi kubwa ndipo awakumbuke watu wake wa kike. Mbele ya kalamu yake mke ana jina, binti ana wasia, na mwanamke maskini ana historia.

Kazi isiyohesabiwa

Sasa tuingie ndani ya nyumba zetu wenyewe. Tukiulizwa ni nani aliyewasomesha watu wa mwambao huu, haraka tutayataja madhehebu ya masheikh na vyuo vyao, na ni kweli. Lakini ni wangapi walioisoma alifu yao ya kwanza ukumbini kwa bibi, juu ya jamvi, naye amekaa na ukindi wa mnazi mkononi akionesha herufi, huku sikio lake likiwa kwenye chungu jikoni? Walimu hao hawakuwa na kibao mlangoni wala mshahara. Walipewa pishi ya mchele na kitambaa cha leso siku ya kukhitimu, na pengine hata hicho hakikuletwa. Lakini Suratul Faatiha tunayoisoma katika kila rakaa, wengi wetu ulimi wetu uliinyooshewa hapo.

Ni nani aliyelipa ada za shule wakati mkonge ulipoanguka bei na mashamba yakafunga, wanaume wakarudi nyumbani mikono mitupu? Wapo waliosuka ukili. Mwenye kuijua kazi hii anajua maana yake: miyaa ikatwe, ianikwe, ichanwe, itiwe rangi, isukwe pima kwa pima usiku baada ya Isha, kisha ishonwe mkeka ambao mnunuzi atautazama na kuomba apunguziwe. Wapo wa vijiji vya pwani ya Mkinga na Pangani waliofukia makumbi ya nazi ufukweni, wakayaacha miezi, wakayafukua yakiwa na harufu isiyovumilika, wakayaponda kwa magongo ndipo yatoke usumba wa kusokota kamba. Wapo walioamka kabla ya Alfajiri kuumua maandazi na kuchoma vitumbua, ili mtoto apite na ungo mitaani kabla ya kengele ya shule. Wapo walioingia baharini wakati wa maji kutoka, nguo zimelowa hadi kiunoni, wakitanda uduvi au wakitunza kamba za mwani. Na wapo wakunga waliogongewa mlango usiku wa manane, wakaenda kwa miguu, wakapokea mtoto na kurudi kulala bila ya kudai senti.

Kazi hizi hazikuandikwa mahali popote. Katika fomu za serikali mwanamke wa namna hiyo aliandikwa kuwa ni "mama wa nyumbani", na mwanawe aliyesomeshwa kwa ukili wake akaandikwa kuwa ni mhasibu au ni daktari. Hatusemi haya kwa ajili ya kulalamika. Tunasema kwa kuwa mtu hawezi kushukuru jambo asilolijua, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah.

Heshima isiyofika kwenye mirathi

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye uzito. Maneno mazuri ni mepesi. Kwenye maulidi tunawasifu mama, kwenye harusi tunawalilia, na kwenye khitma tunasema marehemu alikuwa nguzo ya ukoo. Kisha shamba la minazi linapogawanywa, nguzo hiyo haimo katika hesabu.

Mtindo unajulikana. Mzee anafariki, arubaini inapita, ndugu wa kiume wanakutana. Dada huitwa mwishoni, mara nyingi si kushauriwa bali kujulishwa. Huambiwa kuwa yeye ameolewa na ana kwake. Kwamba shamba likigawanywa litaingia mikononi mwa watu wa ukoo mwingine. Kwamba akipatwa na shida nyumba ya baba ipo. Naye kwa kuona haya, na kwa kuogopa kukosa ndugu, husema "nimesamehe". Watu wakasoma Faatiha na kutawanyika. Miaka ikipita nyumba ya baba huuzwa, na akipatwa na shida hakuna wa kumfungulia mlango.

Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 7, amewapa wanaume fungu katika kile walichokiacha wazazi na jamaa, na wanawake vilevile akawapa fungu, kiwe kidogo au kingi, na akaliita ni fungu lililofaradhiwa. Aya ya 11 na ya 12 zikataja mafungu yenyewe. Na baada yake, katika aya ya 13 na ya 14, akatoa ahadi kwa mwenye kuitii mipaka hiyo na onyo la Moto kwa mwenye kuivuka. Ni wachache miongoni mwetu ambao wangethubutu kupunguza rakaa moja katika Adhuhuri, ilhali faradhi hii hupunguzwa mchana kweupe na watu wa safu ya mbele.

Tanga haina udhuru wa kutojua. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, mwanachuoni na kadhi aliyetokana na nyumba ya elimu na utunzi ya hapa Tanga, aliandika kitabu mahususi cha mirathi, na kingine cha nikahi, ili watu wa kawaida wazijue sheria hizi kwa Kiswahili. Hesabu yenyewe haihitaji chuo kikuu. Chukua mfano wa mtu aliyefariki akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na mali yake ni minazi 32 inayolingana, baada ya kutoa gharama za maziko, kulipa madeni na kutekeleza wasia usiozidi theluthi. Mke ana thumuni, nayo ni minazi 4. Inabaki 28. Mtoto wa kiume ana fungu la wanawake wawili, basi anapata 14, na kila binti anapata 7. Jumla ni 32, wala haukupotea hata mmoja. Hayo ndiyo aliyoyapanga Mwenye kujua kuliko sisi, na hakuna fungu liitwalo "ameolewa".

Liko pia jambo linalosahauliwa kabla ya kugawa. Mali ya mke si mali ya marehemu mumewe. Mahari yake, dhahabu yake, cherehani yake, pesa za ukili wake na kiwanja alichokinunua kwa upatu, vyote ni vyake, na havifai kutiwa katika urithi ati kwa kuwa vilikuwa chini ya paa moja. Na mahari ambayo mume alifariki bila ya kuimaliza ni deni, hulipwa kabla ya mrithi yeyote kunyoosha mkono.

Wengine hujificha nyuma ya mila. Wadigo wa upande wa Mkinga, kwa mfano, zamani urithi wao ulipitia upande wa mama, mali ya mtu ikaenda kwa mtoto wa dada yake. Na Uislamu ulipokita mizizi palizuka mivutano mirefu baina ya mila na sheria. Mivutano hiyo itufundishe kuwa mila hubadilika, na ajabu ni kuwa kila inapobadilika kuna mtu huchagua kipande kinachomfaa. Mila ya kumwenzi dada ikaachwa, na sheria ya kumpa dada fungu lake nayo ikaachwa. Hata sheria ya nchi haimpi nafasi mwenye kisingizio hicho: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila zinazomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mahakama ya mwanzo nayo hupokea maombi ya usimamizi wa mirathi ya Waislamu na kuyaamua kwa sheria ya Kiislamu.

Katika ukoo wetu yumo shangazi mmoja wa baba. Hatumtaji jina hapa, kwa sababu katika uhai wake hakupenda kutajwa nje ya watu wake, limeandikwa nyumbani. Alisuka ukili kwa zaidi ya miaka arubaini na kwa ukili huo watoto watatu wa kaka zake walimaliza shule. Baba yake alipofariki aliambiwa asamehe, akasamehe. Hakuambiwa anasamehe kiasi gani. Yeye na kaka zake walipokwisha kufariki wote, wajukuu walikaa na sheikh, wakahesabu upya urithi wa yule mzee wa kwanza. Ilibainika kuwa fungu la shangazi lilikuwa ni sehemu moja katika tisa ya shamba, kwani kaka zake walikuwa wanne. Yeye aliacha binti mmoja tu. Kwa hiyo nusu ya fungu hilo ilikuwa ya binti huyo, na nusu ya pili ya wana wa kiume wa kaka zake. Kipande kimoja cha shamba kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa mgeni na hakikuweza kurudi, ikabidi thamani yake ichangwe kwa fedha. Vikao vilichukua karibu miaka miwili na vilikuwa na maneno makali. Mwishoni wale wana wa kaka waliamua kumwachia binti yule nusu yao. Walisamehe mbele ya mashahidi, kwa maandishi, kila mmoja akiwa amesomewa idadi ya minazi anayoisamehe.

Tumelitaja hili kwa sababu moja. Kusamehe kwa mwenye kujua ni sadaka, na kusamehe kwa mwenye kufichwa ni kudhulumiwa. Mwenye kutaka dada yake amsamehe na ampe kwanza fungu lake mkononi, alimiliki, alikae. Kisha kama moyo wake utapenda kurudisha, hilo ni lake yeye. Jambo hili lina faida kwa mtoaji pia, kwani mali ya halali hata ikiwa chache ina baraka, na mwenye shamba lenye machozi ndani yake hajui siku yatakapodaiwa.

Waliotangulia mbele ya haki

Iwapo mwanamke unayemdaiwa amekwisha kufariki, mlango haujafungwa. Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake naye yu safarini. Aliporudi alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka itamfaa mama huyo, akajibiwa kuwa itamfaa, papo hapo akalitoa shamba lake la matunda kuwa sadaka kwa ajili yake. Sisi ni watu wa minazi na miembe, na hadithi hii imetukaribia sana. Mnazi mmoja uliowekwa wakfu ili mbata yake inunue mafuta ya taa au misahafu ya chuo, ni ukumbusho ulio bora kuliko picha kubwa iliyotundikwa ukutani.

Vilevile alikuja mwanamke wa kabila la Juhayna kuuliza juu ya mama yake aliyeweka nadhiri ya kuhiji akafa kabla ya kuhiji. Mtume alimwamuru amhijie, akamfananishia na deni analomlipia mama yake. Mwenye uwezo na alitazame jambo hili, hasa akijua kuwa mama yake alikuwa akiweka akiba ya Hija na akiba ile ndiyo iliyolipa ada.

Na wapo wenzao waliobaki. Mama yako alikuwa na somo yake, jirani yake, mwenzake wa upatu. Bado yuko Mabawa au Chumbageni, macho yameingia ukungu, na siku ya Idi hakuna wa kumpelekea sahani. Mpelekee. Utakapokaa naye atakusimulia habari za mama yako ambazo wewe mwanawe huzijui, za siku alipokuwa msichana na hajawa mama wa mtu.

Mambo ya kufanya mwezi huu

Tunazisihi familia zishike mambo machache, nayo yako ndani ya uwezo wa kila nyumba. La kwanza ni daftari. Nunua daftari gumu la kawaida, na ukurasa mmoja umwandikie mwanamke mmoja: jina lake na la baba yake, jina la mama yake, kijiji alichozaliwa, aliyemfundisha Qur'ani, kazi aliyoifanya kwa mikono yake, waliolelewa naye, na mahali alipozikwa. Wapeni kazi hiyo watoto wakati wa likizo, wakamhoji bibi na kuandika. Simu zilizo mikononi mwao zinaweza kurekodi sauti yake akisoma dua aliyoipokea kwa mama yake. Sauti hiyo siku moja mtaitafuta kwa dhahabu na hamtaipata.

Mwandikapo, andikeni ukweli. Bibi hakuwa malaika, alikuwa na ukali wake na pengine alimkosea mkwewe. Kumwenzi si kumtia rangi asiyokuwa nayo. Mtoto akijua kuwa bibi yake alikuwa mwepesi wa hasira na bado akasimamisha nyumba kwa subira, atajua kuwa subira ni kitu cha kujifunza na hata yeye anaweza.

La pili ni jina. Sharia ya dini yetu haikumtaka mwanamke aache jina la baba yake akiolewa, na katika mwambao wetu "binti fulani" lilikuwa pambo hadi juu ya kibao cha kaburi. Tulirudishe. Msikiti unapotangaza msiba, mtangazaji na apewe jina kamili la marehemu, asitangazwe tu kuwa ni mke wa fulani au mama wa fulani.

La tatu ni walio hai. Wengi wetu tuko Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, na mama yuko Tanga. Fedha tunayotuma kwa simu ni wajibu, nayo haitoshi. Mama anataka kuulizwa rai yake katika ndoa ya mjukuu, anataka kusikilizwa, anataka siku tatu za mwanawe asiyeitazama saa. Na kwa wale shangazi na dada wasiojaaliwa mtoto, tusingoje waugue ndipo tuulizane ni zamu ya nani. Aliyekulea ana haki kwako hata kama hakukuzaa. Kumbukeni habari ya Ummu Ayman.

La nne ni lile zito. Kama kuna urithi uliokaa kwa "nimesamehe", ufunguliwe. Mwiteni mwenye elimu ya mirathi, muwekeeni karatasi mbele yake, wakiwapo wanawake wenyewe katika kikao tangu mwanzo. Huenda kikao kikawa kichungu. Uchungu wa kikao hapa duniani ni mwepesi kuliko wa kikao kile ambacho hatutakuwa na shamba la kulipia.

Tunamwomba Allah awarehemu mama zetu na bibi zetu, wanaojulikana kwetu na tuliowasahau, wote wakiwa wanajulikana Kwake kwa majina yao. Ayape makaburi yao nuru, Tongoni na Pangani na kila walikolala. Awape afya na hishima waliobaki, na atupe sisi ujasiri wa kurudisha kilicho chao wakiwa bado wanaweza kukipokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.